Namna ya Kuzuia Panya Wasiingie Katika Nyumba na Ghala

Ninyi watu wa vilima vya Djugu na Mahagi, ambao mahindi na maharagi yenu yanashuka kila juma kwenda kulisha watu wa machimbo ya zahabu, sikilizeni habari za panya. Watu wengi wanafikiri ya kuwa panya ni mwizi mdogo tu. Anatoboa gunia, anakata nguo, anatembea usiku juu ya majani ya nyumba. Mwenye nyumba anamtukana kidogo, kisha anageuka upande wa pili na kulala. Lakini katika inchi ya Ituri panya anaiba kitu kinachopita mahindi. Anaiba watu.

Tuhesabu kwanza mahindi, sababu hesabu yake ni rahisi. Panya mkubwa mmoja wa nyumba anakula karibu gramu 20 kwa siku. Ni kidogo, hata kiganja cha mtoto hakijai. Lakini panya 10 wakikaa kwako mwaka mzima wanakula zaidi ya kilo 70, tena wanakojolea na kunyea chakula kingine ambacho hawakukila. Na panya 10 hawabaki 10. Panya jike anachukua mimba majuma matatu tu, anazaa watoto watano au zaidi kwa mara moja, na watoto wale wakifika miezi mitatu wanaweza kuzaa nao. Kwa hiyo mtu anayesema "nyumbani kwangu mna panya wawili tu" anasema habari ya jana.

HABARI YA TAUNI

Ugonjwa wa tauni, ambao wengi wanauita pesti, ulitambuliwa na waganga karibu na ziwa Albert mwaka wa 1928. Tangu siku zile haukutoka kabisa katika vilima vile. Unalala miaka, watu wanausahau, kisha unaamka. Mwaka wa 2020 uliamka tena upande wa Rethy. Wazee wa huko hawahitaji kufundishwa namna unavyokuja: panya wanakufa ndani ya nyumba bila mtu kuwapiga, na baada ya siku chache mtu anashikwa na homa kali, kichwa kinauma, na mtoki unavimba kwenye kinena, au kwapani, au shingoni. Mtoki ule unauma sana, mgonjwa hataki mtu auguse.

Zamani watu walisema ni hewa mbaya, wengine walisema ni uchawi wa jirani, na majirani waligombana bure. Mwaka wa 1894 mganga Alexandre Yersin, kule Hong Kong, aliona kijidudu chenyewe cha tauni, kidogo sana hata jicho halikioni bila mashini ya kukuza. Mwaka wa 1898 mganga mwingine, Paul-Louis Simond, kule Karachi, alionyesha ya kuwa kijidudu kile kinapanda kiroboto kama mtu anavyopanda motokari. Kiroboto anamnyonya panya mgonjwa. Panya akifa, mwili wake unapoa, na kiroboto hataki damu ya baridi. Anaruka kutafuta mwili wenye joto. Kama panya wengine wa nyumba ile wamekwisha kufa nao, mwili wenye joto ulio karibu ni wa nani? Ni wa mtoto anayelala juu ya mkeka, chini, kando ya ukuta.

Panya wa porini nao wanaweza kushika ugonjwa huu. Lakini panya wa porini analala kwake, nawe unalala kwako. Panya wa nyumba ndiye anayeufikisha kitandani.

Tena watu wa machimbo wasifikiri ya kuwa habari hii ni ya wakulima tu. Mwaka wa 2005, kule Zobia katika Uele ya Chini, tauni ya mapafu iliingia katika machimbo ya almasi. Watu zaidi ya 50 walikufa, na maelfu ya wachimbaji walikimbia kupita msituni. Tauni ya mapafu haingoji kiroboto. Inatoka kwa mtu hata mtu kwa kikohozi, na mahali watu wanapolala wengi katika kibanda kimoja inakwenda upesi sana.

SABABU GANI PANYA ANAINGIA KWAKO

Panya anafuata vitu viwili: chakula, na mahali pa kujificha. Nenda ukaangalie nyumba za mugini kisha mavuno. Magunia yamepangwa ukutani. Masuke ya mahindi yananing'inia chini ya paa, juu ya moto. Maharagi yamo ndani ya kikapu chini ya kitanda. Nyumba ile si nyumba ya watu tena, ni ghala ambamo watu wanaomba mahali pa kulala.

Nikisema neno hili, watu wananijibu: "Chakula tukikiweka nje, kitaibiwa." Jibu hili lina maana, wala sitaki kulicheka. Vita vilivyoanza katika Ituri mwaka wa 1999 vilichoma migini mingi. Mtu aliyeona ghala lake linawaka anataka chakula chake karibu na mkono, apate kukibeba na kukimbia. Na kando ya machimbo, mahali wageni wengi wanapita na bei ya unga inapanda kila mara, mwizi haogopi. Lakini mfanye hesabu yote. Mwizi wa miguu miwili anakuja siku moja katika mwaka, au haji. Mwizi wa miguu mine anakuja kila usiku. Tufanye basi ghala ambalo wote wawili wanashindwa kuliingia, na kazi hiyo si ngumu kama watu wanavyosema.

GHALA

Ghala lijengwe mbele ya nyumba, mahali unapoliona ukifungua mlango, lakini lisiguse nyumba. Liwe mbali na ukuta wowote, na mti wowote, na boma la matete, kwa mita mbili au zaidi, maana panya anaruka mbali kuliko unavyofikiri. Tawi la mwembe likining'inia juu ya ghala, ni njia yake. Likateni.

Simamisheni miti mine migumu ambayo mchwa hawaili upesi. Sakafu ya ghala iwe juu ya udongo kwa mita moja. Sasa, juu ya kila mti, chini kidogo ya sakafu, fungeni bati lenye umbo la mpare uliogeuzwa, mdomo mpana ukitazama chini. Bati linapatikana: mikebe mikubwa ya mafuta, au pipa kuukuu lililokatwa. Ukingo wa bati uwe mbali na mti kwa sentimeta 25 pande zote, na bati lote likae juu ya udongo kwa sentimeta 75 au zaidi, panya asiweze kuliruka kutoka chini. Pale juu, bati linapogusa mti, lisiwe na nafasi hata kidogo. Panya anapanda mti vizuri, anafika chini ya bati, anatafuta njia, haoni, anashuka. Nimeona ghala zenye bati kwa miti mitatu tu, sababu bati la nne lilikosekana. Ghala la namna ile ni sawasawa na ghala lisilo na bati.

Kuta za fito zipakwe udongo ndani na nje, udongo uliochanganywa na mavi ya ngombe. Mlango uwe mdogo, wa mbao, wenye kufuli. Hapo ndipo mwizi wa miguu miwili anapozuiwa. Paa lifunike kuta vizuri, na nafasi kati ya paa na ukuta izibwe.

Kisha kuna kosa moja ambalo linaharibu kazi hii yote, nalo ni ngazi. Mama anapanda asubuhi kuchukua mahindi, anashuka, anaacha ngazi imeegemea. Jioni panya anapanda ngazi ile ile kama mwenye mali. Ngazi iondolewe kila mara. Vilevile jembe, kuni, na mabua ya mahindi visiegemezwe kwenye ghala, wala majani yasiachwe kuota chini yake.

Mahindi yanayoingia ghalani yawe makavu kweli, ama yataoza ndani ya kuta za udongo. Kuna namna nzuri ya kujua. Twaa chupa kavu, tia mahindi mpaka robo, tia vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa, acha robo saa. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi yana maji bado, rudisha juani. Chumvi ikibaki chini, yamekauka.

Mtu asiye na nguvu ya kujenga ghala, mjane kwa mfano, au mzee ambaye wanawe wote wamekwenda kuchimba, anaweza kutumia pipa la chuma lenye kifuniko au bidoni kubwa. Mahindi makavu yakijaa mpaka juu na kifuniko kikifungwa sana, panya haingii, na vidudu vinavyotoboa mahindi vinakosa hewa ndani na kufa. Pipa namna hii linaweza kukaa nyumbani bila hatari. Lakini jihadharini na mapipa yanayouzwa kwa bei ndogo karibu na machimbo. Mengine yalibeba dawa za kusafisha zahabu, ambazo ni sumu kali, na kuosha kwa maji na mchanga hakutoshi. Kama hujui pipa lilibeba kitu gani, usitie chakula ndani.

NYUMBA YENYEWE

Chakula kikitoka, panya anabaki na mapango yake. Kwanza mjue yapi yana mtu. Jioni, zunguka nyumba ndani na nje, ziba kila tundu kwa konzi ya majani makavu, usikaze. Asubuhi angalia. Majani yaliyosukumwa nje yanakuonyesha mlango wa panya. Tundu lile lijazwe mawe madogo na vipande vya chupa, yapigwe kwa mti mpaka yakaze, halafu udongo juu. Udongo peke yake hautoshi, panya atautoboa usiku ule ule na kukucheka.

Tundu dogo msilidharau. Mahali penye nafasi ya kupitisha kalamu ya mbao, panya mdogo wa nyumba anapita. Mlango wa nyumba nyingi unaacha nafasi chini ambamo hata mkono wa mtu unaingia. Pigilia ubao chini ya mlango, na juu ya ubao ukanda wa bati, sababu panya anakula mbao lakini hali bati.

Nafasi kubwa kuliko zote ni ile iliyo kati ya ukuta na paa. Watu wanaiacha kwa ajili ya moshi, nao wana haki, maana nyumba yenye moto ndani bila njia ya moshi inaua macho na kifua. Shauri bora ni kujenga jiko kando, kisha kuziba nafasi ile kwa matofali na udongo. Asiyeweza, aweke wavu wa waya wenye matundu madogo. Paa la majani lisishuke mpaka kukaribia udongo, na ncha za majani zikatwe sawasawa. Dari ya matete au ya magunia ninaichukia. Inapendeza macho ya wageni, lakini juu yake panya wanazaa kwa amani, na viroboto wao wanaanguka juu ya watu waliolala. Mtu asiyeweza kuipanda na kuisafisha, aiondoe.

Sakafu ipigwe mpaka iwe ngumu, na ifagiliwe kila siku. Mchwa wakijenga ndani ya ukuta, chimba mpaka kwao, uzibe, maana wakihama wanaacha njia zao tupu ambazo panya anazipanua. Watu wote walale juu ya kitanda chenye miguu, kilichotengwa na ukuta. Kitanda cha fito kinatosha. Baba anayelala kitandani na kuacha watoto chini amepanga nyumba yake vibaya.

Nje, acheni mita tatu za udongo mtupu kuzunguka nyumba. Mahindi yaliyopandwa mpaka ukutani, mabunzi yaliyotupwa mlangoni, rundo la kuni lililokaa mwaka mzima, hivyo vyote ni kijiji cha panya. Na penye panya nyoka anafika. Watu wengi wanaogopa nyoka na kumtafutia dawa kwa wazee, lakini panya aliyemwita hawamfukuzi.

MITEGO, PAKA NA SUMU

Siku ambazo hakuna ugonjwa, tegeni mitego, ya kienyeji au ya chuma, kando ya ukuta, maana panya anapenda kutembea akigusa ukuta kwa ndevu zake. Paka anasaidia pia, lakini asipewe kazi peke yake, hawezi kumaliza panya katika nyumba iliyojaa magunia. Tena paka anaweza kushika tauni kwa kula panya mgonjwa. Paka akiwa na homa na kuvimba shingo wakati panya wanapokufa, watoto wasimbebe.

Sumu inayouzwa sokoni ndani ya karatasi, bila jina, msinunue. Inaua kuku, inaua mbwa, na mtoto anaiona kama unga. Panya aliyeila anakufa ndani ya paa na kunuka, nanyi hamtajua kama alikufa kwa sumu au kwa tauni.

MAGUNIA YA SAFARI

Gunia linalokwenda Mongbwalu linaweza kubeba kitu ambacho hakikuandikwa kwenye hesabu. Panya mdogo analala katikati ya maharagi, na viroboto wanakaa ndani ya nyuzi za gunia. Kabla ya kupakia, mwaga chakula juu ya turubai, pepeta, kung'uta gunia, lianike juani. Wale wanaofanya biashara wana desturi ya kulala juu ya magunia katika depo, wayalinde. Desturi hii ni mbaya kwa wakati wowote, na wakati wa tauni ni kutafuta kifo. Magunia matupu yanayorudi mugini yafanyiwe vilevile.

Nyumba iliyokaa bila watu, kwa sababu mwenyewe alikwenda kuchimba au alikimbia vita, isiingiwe na watoto siku ya kwanza. Mkubwa mmoja afungue, aache siku nzima, aangalie kama kuna panya waliokufa.

UKIONA PANYA AMEKUFA

Panya mmoja aliyekufa njiani labda ameumwa na mbwa. Lakini panya wawili au watatu waliokufa ndani ya nyumba bila kidonda, au panya anayetembea mchana kama mlevi, hiyo ni habari kubwa. Usimguse kwa mkono. Usimtupe kwa mguu mpaka kwa jirani. Watoto wanaowinda panya wa kula waambiwe kabisa: aliyeokotwa amekufa haliwi. Toa watu na vitanda katika nyumba ile. Mpelekee habari chifu na muganga wa kituo cha afya, wao watajua kama wachukue panya wale wa kupimwa. Wakikuambia uwaondoe mwenyewe, tumia mti mrefu au sepetu, uwachome moto au uwazike chini sana.

Na hapa kuna jambo ambalo watu wanalikosea kwa moyo mzuri. Wakisikia tauni, wanaanza kuua panya wote kwa fimbo na kuchoma nyumba. Wakati ule usiue panya. Ukimuua panya, viroboto wake wanabaki bila nyumba, nao watakutafuta wewe. Kwanza watu wa afya watie dawa ya kuua viroboto katika matundu na chini ya vitanda, ndipo panya wauawe.

Mtu akipata homa katika siku zile, apelekwe upesi, asingoje mtoki. Tauni inaweza kushika mtu siku moja mpaka saba baada ya kuumwa na kiroboto. Katika watu 10 wenye tauni ya mtoki wasiotibiwa, watatu mpaka sita wanakufa. Ile ya mapafu bila dawa inaua karibu wote. Lakini dawa zipo, nazo zina nguvu kama zikianza mapema, na wale waliokaa karibu na mgonjwa wanapewa dawa ya kuwazuia wasishikwe. Mgonjwa anayekohoa afunikwe kinywa kwa kitambaa, mtu mmoja tu amhudumie, naye ajifunike vilevile. Aliyekufa kwa tauni asioshwe na ndugu wala asikumbatiwe, waiteni watu wa afya wamzike pamoja nanyi.

Anayepeleka habari kituoni aseme mambo matatu: panya wangapi walionekana, siku gani, na katika nyumba ya nani. Aende siku ile ile, hata kama panya ni wawili tu.